Kaye Niliyoikataza

Mimi ni mwalimu, na mwalimu haachi kusahihisha hata akiwa mkimbizi. Siku ya kwanza nilipoishika ile kaye nilikuwa na wiki mbili tu Dzaleka, kambi yetu huku Malawi, sijui hata kuomba chumvi kwa Kichewa, lakini nilitoa kalamu nyekundu mfukoni nikaanza kupiga mistari chini ya makosa ya Kiswahili. Mwenye kaye alikuwa jirani yangu, mama mshonaji kutoka upande wa Fizi. Alinitazama, akacheka mpaka akaacha kukanyaga cherehani. Akaniambia nisahihishe nikipenda, ila nikimaliza niinakili haraka, kwa sababu wapo wengine wanaingoja.

Kaye ni daftari la shule. Sisi wa Kongo tulirithi jina hilo pamoja na Kifaransa. Hii ilikuwa na maneno ya Kichewa upande mmoja na Kiswahili chetu upande wa pili. Namna ya kusalimia, namna ya kununua nyanya, namna ya kumwambia mtu wa kabaza unakoenda kabla hajakuzungusha kambi nzima kwenye baiskeli yake. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na amri, kwa herufi kubwa zilizopinda: NAKILI YOTE. ONGEZA UKURASA MOYA YA KITU UNAJUA. USIANDIKE JINA. UKIMALIZA PATIA MUGENI.

Ndivyo ilivyokua. Mama alianza na kurasa chache tu, mtu akanakili akaongeza, mwingine akanakili ya huyo akaongeza na yeye. Kinyozi mmoja Mrundi aliandika ukurasa wa kichwa na ndevu. Mwanamke aliyekuwa akichukua maharage soko la Nathenje aliandika majina ya kila aina ya maharage, na maneno ya kumjibu muuzaji anayekuona mgeni. Mtu wa kabaza aliandika njia zote. Mimi niliwauliza walimu wa Kimalawi maneno, nikaongeza ukurasa wa shule: jinsi ya kuongea na mwalimu mkuu ili mtoto wako apokelewe. Nilipomaliza, mama alichukua karatasi zangu akazipitisha chini ya sindano ya cherehani, akazishona mgongo kwa uzi mweusi, akazivalisha jalada la gunia la unga. Sikuwahi kuwa na kitabu kizuri kama kile.

Kurasa nne za mwisho zilikuwa za hospitali, na hizo aliziandika mama mwenyewe. Zilikuwa na makosa kuliko zote. Kalamu yangu ilipofika hapo, aliniambia kwa upole kwamba hizo niziache. Ndipo akanieleza. Alipoingia Malawi alikuwa na binti wa miaka miwili aliyeanza kuumwa njiani. Alisimama kwenye mstari wa kliniki, zamu yake ikafika, akaulizwa maswali ambayo hakuyaelewa, akaonyesha tumbo la mtoto kwa kidole. Hakuweza kusema tangu lini. Hakuweza kusema ni maji gani mtoto alikunywa, wala kwamba tangu jana hakuwa amekojoa. Nesi alitibu kile alichoonyeshwa. Mtoto alikufa siku ya tatu.

Baada ya hapo mama alikaa karibu mwaka mzima akitafuta, neno kwa neno, kila kitu alichoshindwa kusema siku ile. Aliuliza sokoni, aliuliza kisimani, aliuliza wateja wake wa Kimalawi wakati akiwapima nguo. Kisha akaandika kwa mpangilio uleule ambao nesi anauliza. Mwana akudwala, mtoto anaumwa. Kuyambira dzulo, tangu jana. Sakuyamwa, hanyonyi. Na kuendelea hivyo kurasa nne, mpaka unajua mtoto yule alikufaje bila kuambiwa. Kila mwanamke mgeni aliyefika na mtoto mgongoni, mama alimpelekea kurasa hizo kabla hata ya kumpelekea nsima, ugali wa huku.

Sasa niseme la kwangu.

Jumamosi nilikuwa nakwenda Lilongwe kumfundisha Kifaransa bwana mmoja anayefanya kazi Capital Hill, kwenye ofisi za serikali, mtu mpole, mwenye kabati la vitabu sebuleni. Siku moja nilisahau kaye yangu mezani kwake. Wiki iliyofuata nikamkuta ameisoma yote. Akaniambia hiki ni kitabu kamili, na kwamba ninakiacha kama nguo kwenye kamba. Akanieleza habari za haki ya mwandishi, jinsi sheria inavyomlinda mtu na kazi ya kichwa chake. Nisipoilinda, akasema, kesho mtu ataitia jina lake.

Yesu wangu, maneno yale yalinikaa vizuri! Tangu nitoke Bukavu hakuna mtu aliyekuwa ameniita mwandishi. Kule nilikuwa na vitabu, nilikuwa na tai, wanafunzi walikuwa wakisimama nikiingia darasani. Hapa nilikuwa mtu wa mstari: mstari wa maji, mstari wa mahindi, mstari wa kuhesabiwa. Nilirudi kambini kichwa kimenivimba. Nikawa namtafuta huyo mtu wa kesho atakayekuja kuitia jina lake, namtafuta kila mahali isipokuwa kwenye kioo.

Nikaipanga upya. Nilisahihisha lugha, nikaondoa yaliyojirudia, nikaandika utangulizi wa kurasa tatu kuhusu mimi. Nikaipeleka kwa mpiga chapa mdogo pale Kawale, mtaa wa Lilongwe. Akasema kitabu ni kinene, kipunguzwe. Nilitafuta pa kupunguza. Utangulizi wangu sikuugusa. Nikachukua kurasa nne za hospitali nikazifanya ukurasa mmoja, kwa sababu, nilijiambia, zina maneno mengi ya mtoto mmoja. Nilijiambia hivyo kabisa, kwa akili zangu timamu. Na kaye yangu niliyoiandika kwa mkono nikamwachia mpiga chapa, sikuidai tena.

Mwishoni akaniuliza kuhusu onyo. Alikuwa nalo tayari, huweka kwenye kila kitabu bila mtu kulisoma. Mimi ni mwalimu, nililisoma. Nikalitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili safi na kumwomba aliweke mbele, kwa wino mzito, mahali ilipokuwa amri ya mama: Haki zote zimehifadhiwa. Ni marufuku kunakili sehemu yoyote ya kitabu hiki kwa njia yoyote ile. Atakayekiuka atashtakiwa. Na juu ya jalada, jina langu.

Sisemi sheria hiyo ni mbaya. Mtu akikesha akitunga, akaja mwingine akamchukulia, hiyo ni dhuluma, na nimeona watu wakidhulumiwa hivyo. Lakini mimi nilikuwa nimetunga ukurasa mmoja. Ukurasa wa shule. Hizo nyingine zote nilipewa bure, kwa sharti la kuzitoa bure.

Vitabu vilipofika niliomba nafasi kanisani baada ya matangazo. Nilisimama mbele na tai yangu ya Bukavu, nikakiinua kitabu, watu wakapiga makofi. Mama naye alipiga makofi, nilimwona. Kisha nikasoma onyo lote, polepole, kama imla. Niliongeza la kwangu, kwamba kuanzia leo asiwepo mtu wa kunakili kaye zile za zamani, kwa sababu yaliyomo sasa ni kitabu chenye mwenyewe. Wiki hiyohiyo nilimkuta mtu wa fotokopi karibu na soko akitoa nakala ya kaye ya mteja. Nilimfokea mbele za watu. Nilimwambia jambo kama hili linaweza kumfikisha polisi.

Hapa yule asiyeishi kambini hawezi kuelewa bila kuelezwa. Kwetu kila mtu ana dosie. Dosie ni faili lako huko maofisini. Humo ndimo kuna jina lako, watoto wako, na safari yako ya kwenda kuanza maisha ng'ambo, kama Mungu atapenda. Watu wanaingoja mpaka watoto wanaota ndevu. Na kila mtu anajua kwamba kwenye mahojiano utaulizwa: umewahi kushtakiwa? Kwa hiyo neno lile nililotafsiri kwa madaha, atashtakiwa, halikusomwa Dzaleka kama linavyosomwa kwenye kabati la bwana wa Capital Hill. Lilisomwa kwamba ukikutwa na kaye ya mkono, dosie yako imekufa.

Mimi nilijua. Hilo ndilo linaloniuma. Mpiga chapa hakujua, bwana wa Lilongwe hakujua, lakini mimi nilikuwa na dosie yangu mwenyewe na woga wangu mwenyewe.

Wa kwanza kuja alikuwa yule mtu wa kabaza, aliyeandika ukurasa wa njia. Alikuja mchana kweupe, kaye yake ameifunga kwenye plastiki. Akaniomba niipokee, na nimwandikie karatasi kwamba ameirudisha. Nikamwandikia: nimepokea kutoka kwa fulani, kaye moja, tarehe fulani, nikatia sahihi. Akaikunja, akaiweka mfukoni pamoja na kadi yake ya posho. Kesho yake wakaja wengine. Wengi hawakuja, walitia kaye zao kwenye jiko la mbaula wakapikia. Mimi nikaona rundo linakua kwenye kona ya nyumba na nikafurahi. Nilidhani ni heshima. Aka, heshima gani! Siku moja mvua ilipita kwenye bati, rundo lote likawa uji wa karatasi, na sikujali sana, maana kitabu kilikuwepo.

Kisha mama akaja. Alikuwa na mwanamke kijana aliyefika siku hizo kutoka upande wa kwao, mtoto wa miezi michache mgongoni. Hakuingia. Alisimama mlangoni, yeye ambaye kila siku alikuwa akiingia na kujikalisha.

"Mwalimu, minakuya kuomba ruhusa. Ninakilie huyu mwenzangu zile kurasa ine za hospitali."

Nikamwambia hospitali imo kitabuni. Akasema imo, lakini ni ukurasa mmoja, na zilikuwa nne. Nilipaswa kuona aibu wakati ule. Badala yake nilihisi kitu kitamu, nikiri tu: mtu ameniomba ruhusa. Nikakunja uso kama bwana wa ofisi.

"Ngoja kwanza, mama," nikamwambia. "Niulize Lilongwe."

Hapakuwa na kitu cha kuuliza Lilongwe. Nilitaka kuombwa mara ya pili, ndiyo yote. Mama akasema hakuna shida, atangoja, akanishukuru kwa zikomo kama anavyomshukuru Mmalawi asiyemjua. Hakurudi kuomba.

Wiki mbili baadaye mtoto wa yule mwanamke aliumwa. Siku hiyo mama alikuwa ameenda mjini kupeleka sare alizoshona, na mwanamke akaenda kliniki peke yake. Alionyesha kichwa kwa kidole, kwa sababu kichwa kilikuwa cha moto. Akapewa dawa ya homa. Kwamba mtoto hanyonyi tangu juzi, hilo hakujua kulisema, na nesi hawezi kusikia ambalo halikusemwa. Mtoto alipona. Natangulia kusema hivyo kwa sababu najua msomaji anangoja nini, na mimi nililingojea hilohilo, siku tisa, wakati amelazwa hospitali kubwa ya mjini na mama anakwenda na kurudi na sufuria ya uji. Alipona kwa rehema za Mungu, si kwa kitu chochote nilichofanya.

Jumamosi hiyo ndipo nilipouliza Lilongwe kweli. Bwana wangu wa Kifaransa alicheka, akadhani ninatania. Kitabu ni chako, akasema, ukitaka wanakili, waambie wanakili, nani atakukataza? Sheria ile ile iliyokupa ufunguo haikukuambia ufunge. Nilikunywa chai yake bila kujua ina sukari au haina.

Nikarudi, nikasimama tena kanisani. Nikasema ninaondoa katazo, kila mtu anakili, kila mtu aongeze. Hakuna aliyepiga makofi. Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa akanivuta pembeni akaniuliza ruhusa hiyo iko kwenye karatasi gani. Nikaandika karatasi. Akaisoma mbele na nyuma, akauliza muhuri uko wapi. Kitabu kilikuwa na chapa, na herufi za mashine, na neno la kushtakiwa. Ruhusa yangu ilikuwa kalamu ya biki tu. Nilianza kupita nyumba kwa nyumba nikiuliza nani bado ana kaye ya zamani, ile yenye kurasa zote. Hatuna, mwalimu. Tulichoma, mwalimu. Waliniangalia kama mtu aliyetumwa kuwapima. Nilikwenda Kawale kwa mpiga chapa kudai ile niliyomwachia. Akaniambia karatasi za wateja hufungia bidhaa, mimi nilitaka azifanyie nini?

Sikuwa na wasiwasi mkubwa bado. Nilijua moja ipo: ya mama mwenyewe, ya kwanza kabisa, yenye mistari yangu myekundu.

Siku aliyokuja nayo ilikuwa Jumanne. Dosie yake ilikuwa imeamka, ameitwa mahojiano. Nilimpongeza kwa furaha ya kweli, nikamkaribisha kiti. Safari hii aliingia na kukaa. Akaiweka kaye juu ya magoti yangu, ikiwa bado na jalada la gunia, akaniomba nimwandikie ile karatasi, kama niliyowaandikia wengine, kwamba hana tena.

Nikamwambia mama, hii ni yako. Wewe ndiye uliyeianza. Hakuna mtu duniani anayeweza kukushtaki kwa hii.

"Yangu?" akasema. "Iko na jina yako, mwalimu. Mi nimengojea hii safari tangu batoto yangu bakingali badogo. Sitaki karatasi inifuate."

Hakusema kwa hasira. Ningefurahi angekuwa na hasira. Nilimsihi, nikaapa, nikataka tupige magoti tuombe pamoja, na yeye akawa ananitazama tu kama alivyonitazama siku ile ya kalamu nyekundu, isipokuwa kwamba hakucheka. Mwishowe nikaandika. Mkono wangu uliandika kwamba nimepokea kutoka kwake kaye moja. Wakati wino unakauka nikaifungua mwishoni, nitafute zile nne. Hazikuwapo. Uzi mweusi ulikuwa umekatwa kwa wembe, vizuri, kazi ya mshonaji.

Nikamuuliza. Akajibu kwamba zile za hospitali alizichoma mwenyewe siku ileile alipotoka mlangoni kwangu. Aliogopa asije akashawishika kuzitoa.

"Si uliniambia ningoje," akasema.

Nilimwomba aziandike upya. Nilimpa kalamu, nilimpa daftari jipya, nikamwambia nitakaa chini na kuandika anachosema, bila kusahihisha hata nukta. Aliikunja karatasi yangu ya kupokea, mara mbili, mara nne.

"Ile niliandika mara moya," akasema. "Siwezi kurudi mule tena."

Aliondoka miezi michache baadaye. Nilimsindikiza mpaka kwenye basi na watu wengine, tukaimba, akanipa mkono wa kawaida. Siku hizi ananitumia salamu kwa sauti kwenye simu, anasema kule kuna baridi, batoto wanasoma. Kuhusu kurasa hasemi, na mimi sithubutu kuuliza.

Nimejaribu kuziandika. Nimejaza daftari mbili. Kichewa changu sasa ni kizuri kuliko chake, ninaweza kukitumia hata ofisini, lakini kila nikifika kwenye mtoto ninakwama. Nina majina ya viungo vyote vya mwili na majina ya magonjwa. Sijui nesi anauliza nini kwanza na nini baadaye. Sijui mtoto huanza kukataa nini kabla ya kukataa ziwa. Sijawahi kusimama kwenye mstari ule na mtoto mikononi. Nilizinakili kurasa zile kwa mkono wangu, kila neno, na akili yangu ilikuwa kwenye makosa ya tahajia.

Juzi nilikuwa kliniki kwa malaria yangu, nimekaa kwenye benchi, nimejifunika kichwa. Mbele yangu kulikuwa na mwanamke mgeni, kitenge bado kina vumbi la safari, mtoto mgongoni ametulia mno. Akamuuliza mwenzake kwenye mstari kama hapa hakuna kitu cha kumsaidia mtu kusema na hawa manesi. Mwenzake ni mama wa siku nyingi hapa Dzaleka, namfahamu. Hakuniona.

"Ilikuwako kaye ya mambo yote ile," akamjibu. "Lakini iko ya mwalimu."